Babu Aliyefurikiwa Mara Tatu

Babu yangu mzaa baba alifurikiwa na maji mara tatu ndani ya miaka kumi na moja. Mara ya kwanza ilikuwa 1944, jeshi la Wajerumani lilipoyaachia maji makusudi yaingie kisiwani kwao. Mara ya pili ilikuwa usiku wa kuamkia Februari mosi, 1953, bahari ilipoyavunja matuta yenyewe. Mara ya tatu ilikuwa Oktoba 1954, miezi michache baada ya kuhamia Kanada, katika bonde ambalo halina bahari karibu. Alizaliwa 1921 kwenye kisiwa cha Schouwen-Duiveland, mkoa wa Zeeland, kusini-magharibi mwa Uholanzi. Alifariki Ontario 2006. Karibu maisha yake yote ya ukubwani alilima vitunguu na karoti kwenye ardhi iliyo chini kuliko mto unaopita pembeni yake.

Ndugu zangu wa Kanada wanapokutana humsimulia kama mtu aliyekimbia maji. Wanasema alichoshwa na bahari, akapanda meli, akaanza upya mahali pakavu. Watoto wanaipenda simulizi hiyo, na hata siku ya mazishi yake mchungaji aliisema mimbarini. Mimi sijawahi kuikubali. Anayekimbia maji hahamii bondeni. Kanada ni nchi pana mno, ina vilima na nyanda za ngano zisizokwisha, na yeye akaenda kukaa kwenye kipande kilichokaushwa kwa pampu. Wale waliomjua akiwa kijana wameshaondoka karibu wote, nami naona nisipoandika sasa, ile simulizi tamu ndiyo itakayobaki.

Nianze na kwao. Zeeland ni nchi ya visiwa na rasi, na nembo yake ina simba aliyeibuka nusu kutoka kwenye mawimbi. Sehemu kubwa ya ardhi yake, maji yakijaa, iko chini ya usawa wa bahari. Watu waliipata kwa kujenga matuta, kuchimba mitaro na kuyatoa maji kizazi baada ya kizazi. Kazi hiyo inasimamiwa na mabaraza ya maji, vyombo vilivyoanza karne ya 13, kabla hata ya kuwepo taifa linaloitwa Uholanzi. Wenye ardhi huchangia fedha, huchagua viongozi wao, na kila mwaka wakaguzi hupita mitaroni. Mtaro wako ukikutwa umeziba kwa magugu, unatozwa faini, uwe tajiri au kabwela. Babu alilelewa ndani ya utaratibu huo. Baba yake alikuwa kibarua wa mashambani, bila ardhi ya kuitaja, lakini mtaro uliopita mbele ya nyumba yao ulikuwa dhamana yao, na mkaguzi akisimama hapo na kutikisa kichwa, ilikuwa aibu ya wiki nzima.

Mwanzoni mwa 1944 Wajerumani waliokuwa wameikalia nchi walikifurisha kisiwa ili ndege na askari wa Washirika wasipate pa kutua. Wakazi wengi waliamriwa kuondoka. Babu alikuwa na miaka 22, akapelekwa na familia yake bara, upande wa Brabant. Huko ndiko alikowaona Wakanada kwa mara ya kwanza, walipouingia mji wa Bergen op Zoom Oktoba 27, 1944. Zaidi ya Wakanada 7,600 walikufa katika kuikomboa Uholanzi, na wazee wa kizazi cha babu hawakulisahau jambo hilo. Kisiwa chao chenyewe kilibaki mikononi mwa Wajerumani hadi Mei 1945. Waliporudi walikuta mashamba yamejaa chumvi. Udongo wa mfinyanzi ukishaingiwa na chumvi hugandamana, maji hayapenyi, mbegu inaota njano na kufa. Walimwaga jasi mashambani, wakasubiri mvua iisafishe chumvi, msimu baada ya msimu. Ilipofika 1952 ngano ilikuwa imeanza kukaa sawa. Babu alikuwa ameoa, ana watoto wawili wa kiume. Mdogo wao ndiye baba yangu, aliyezaliwa 1949.

Ya 1953 nimeyapata kwa bibi, siyo kwa babu. Ilikuwa Jumamosi usiku. Upepo mkali kutoka kaskazini-magharibi ulikuwa ukiisukuma Bahari ya Kaskazini kwenda kwenye pembe yake nyembamba, na usiku huohuo ulikuwa wa bamvua. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa maana ya mambo hayo mawili kukutana. Onyo la hali ya hewa lilitolewa, lakini redio ya taifa wakati ule ilifungwa saa sita usiku, na simu za vijijini hazikuwa na mtu wa kuziunganisha usiku kucha. Watu walilala. Mnamo saa tisa usiku matuta yalianza kukatika. Bibi aliamshwa na ng'ombe wa jirani waliokuwa wakilia kwa namna ambayo hajawahi kuisikia. Babu akashuka kitandani, mguu ukaingia majini.

Walipanda darini na watoto, blanketi, mkate na ndoo ya maziwa. Kutokea kwenye kidirisha cha paa wakaiona nyumba ya mama yake babu upande wa pili wa njia, na yeye mwenyewe darini kwake, ameshika taa. Wakapungiana mikono. Asubuhi ya Jumapili maji yalipungua kidogo, watu wakadhani mabaya yamekwisha, wengine wakashuka kutafuta chakula. Lakini bahari hujaa mara mbili kwa siku. Alasiri maji yalirudi kupitia matuta yaliyokwisha kukatika, yakaja juu kuliko ya usiku. Ni maji ya alasiri yaliyowaua wengi wa kisiwa kile. Nyumba za wakulima wakubwa zilijengwa kwa kuta nene, mahali palipoinuka. Nyumba za vibarua zilikuwa za ukuta mwembamba wa tofali moja, tena mabondeni. Mawimbi yalizipiga hadi zikaachana kona. Nyumba ya mama yake babu ilianguka kabla ya giza.

Watu 1,836 walikufa Uholanzi katika mafuriko yale, zaidi ya 500 kati yao kisiwani kwao. Schouwen-Duiveland ilikatika na dunia kwa zaidi ya siku nzima, mpaka kijana mmoja wa mji wa Zierikzee, aliyependa redio, alipounga mtambo wa kurushia matangazo kwa vipuri alivyoviokota hapa na pale, akaita msaada. Wavuvi walikuja na mashua zao wakiwatoa watu mapaani. Familia ya babu ilitolewa Jumatatu.

Nilipokuwa naishi karibu naye nilimuuliza kuhusu mama yake mara moja tu. Alikuwa anakata nyuzi za gunia la vitunguu. Hakuinua uso. Akasema, "Nyumba yake ilikuwa ya tofali moja." Kisha akaendelea kukata nyuzi.

Nimeyafikiria maneno hayo kwa miaka mingi. Hakusema bahari ilimuua mama yake. Alitaja ukuta. Na siku nyingine, tukiwa tunakunywa kahawa, alinieleza kwa hasira ambayo sikuitarajia kwa mzee wa miaka 81 kwamba matuta yale yalijulikana kuwa mafupi. Ni kweli. Mhandisi Johan van Veen wa idara ya maji ya serikali alikuwa ameonya kwa miaka mingi kwamba kusini-magharibi mwa nchi hakuna kinga ya kutosha. Vita vikapita katikati, fedha zikawa haba, kila tuta likaachiwa baraza dogo la kijiji lisilo na uwezo. Kwa babu, bahari ilifanya kazi yake ya siku zote. Waliokosea ni watu waliojua na wakakaa. Hapo ndipo naachana na simulizi ya ndugu zangu. Kama kuna kitu babu alikikimbia, basi alikimbia uzembe.

Kuhama kwenyewe kulikuwa na sababu za kawaida pia, wala sitaki kuzificha. Uholanzi ya baada ya vita ilikuwa na watu milioni 10 kwenye nchi ndogo, nyumba hazitoshi, ardhi haitoshi, na serikali yenyewe ilikuwa inawahimiza watu waondoke, ikiwasaidia nauli. Katika hotuba ya mwaka mpya wa 1950 Waziri Mkuu Willem Drees aliwaambia wananchi kwamba baadhi yao wathubutu kutafuta maisha katika nchi kubwa zaidi. Kanada ilitaka wakulima. Meli ya kwanza ya wahamiaji wa namna hiyo, Waterman, ilifika Montreal Juni 1947, na katika miaka iliyofuata Waholanzi zaidi ya 150,000 walikwenda Kanada. Kisiwani kwao, baada ya 1953, serikali iliamua kuyapanga mashamba upya, viunga vidogovidogo viunganishwe viwe mashamba makubwa. Mpango ulikuwa na akili, ila kwa kibarua mwenye ndoto ya kumiliki ekari mbili tatu, maana yake ilikuwa moja: hapa hutapata.

Waliondoka Rotterdam majira ya kuchipua ya 1954 kwa meli Groote Beer, iliyoundwa Marekani wakati wa vita kwa ajili ya kusafirisha askari na mizigo. Wanaume walilala upande mmoja, wanawake na watoto upande mwingine. Sheria za fedha za wakati ule hazikuruhusu mhamiaji atoke na fedha nyingi, kwa hiyo watu waligeuza akiba yao kuwa vitu. Kila familia ilikuwa na kreti moja kubwa la mbao, na ndani yake mlikuwa na maisha yao yote. Kreti la babu lilikuwa na kitanda, cherehani, baiskeli mbili, majembe, vyombo vya udongo vilivyofungwa kwenye mashuka, na pampu ndogo ya mkono. Bibi aliipinga pampu hiyo mpaka siku ya kupigilia misumari. Alitaka nafasi ile kwa ajili ya kiti cha mama mkwe wake, ambacho kilikutwa kinaelea kizima. Pampu ikapita, kiti kikabaki kwa jirani. Bibi alinisimulia jambo hilo akiwa na miaka 79 na bado lilimuuma.

Walishukia Halifax, Gati Namba 21. Gati hilo lilifanya kazi kuanzia 1928 hadi 1971 na karibu wahamiaji milioni moja walipita pale. Leo ni makumbusho ya taifa. Maofisa wa forodha walichukua soseji za bibi. Kisha treni, viti vya mbao, siku mbili za misitu na theluji iliyokuwa haijayeyuka, hadi Ontario.

Bonde walilofikia linaitwa Holland Marsh, kilomita kama 50 kaskazini ya Toronto. Wengi hudhani jina limetokana na Waholanzi waliolima pale, kumbe limetokana na mto, na mto ulipewa jina la Samuel Holland, mpima ardhi wa karne ya 18. Lilikuwa bwawa la matete mpaka kati ya 1925 na 1930, walipochimba mfereji wa kulizunguka, wakajenga matuta na kufunga pampu, kazi iliyoanza katika fikra za Profesa William Day. Familia za kwanza za Kiholanzi zilihamia 1934. Udongo wake ni mweusi, mwepesi, umetokana na majani yaliyooza kwa maelfu ya miaka. Ukiushika ukiwa mkavu unapeperuka, na ukiachiwa moto unawaka. Babu alisema siku ya kwanza alipopiga magoti kupalilia vitunguu alidhani amepiga magoti juu ya keki.

Lakini lilikuwa bonde chini ya mto, lenye mitaro na matuta. Alijua kila kitu kilichokuwa pale. Nadhani wahamiaji wachache sana hupata bahati hiyo, ya kufika nchi ngeni usiyojua lugha yake na ukakuta kazi unayoijua tangu utotoni.

Mhamiaji wa mkataba ule alilazimika kumfanyia kazi mwenyeji aliyemdhamini. Mdhamini wa babu, naye Mholanzi aliyetangulia, aliwapa banda la kuku lililofagiliwa na kupigwa chokaa. Bibi alining'iniza mapazia. Usiku wa joto harufu ya kuku ilitoka kwenye mbao. Sitamlaumu sana yule bwana, wengi walifanya hivyo, na mwenyewe huenda alianzia pabaya zaidi. Babu, hata hivyo, hakulisahau banda lile. Miaka mingi baadaye, wakulima wa bondeni walipoanza kuleta vibarua wa msimu kutoka Jamaika na Meksiko, yeye alijenga kwanza nyumba ya matofali yenye bafu na jiko, ndipo akaomba wafanyakazi. Majirani walimwambia anawaharibia soko. Shangazi anasema alijibu kwa kuongeza chumba.

Ijumaa, Oktoba 15, 1954, mabaki ya kimbunga Hazel yalifika kusini mwa Ontario. Ilikuwa imenyesha siku nyingi kabla, ardhi haikuweza kunywa tena. Zaidi ya milimita 200 zikashuka. Toronto, sehemu ya mtaa wa Raymore Drive ilizolewa. Watu 81 walikufa Ontario.

Babu alikuwa amechomeka kijiti mtaroni tangu wiki ile walipofika, chenye mikato ya kisu kila inchi. Ndivyo alivyofundishwa kwao. Ijumaa ile alikwenda kukisoma mara ya kwanza saa nne asubuhi, halafu saa saba, halafu kila saa. Jioni aliona maji yanapanda wakati pampu bado zinanguruma, na kwa hilo akajua yanaingia mengi kuliko yanayotoka. Hakuwa na Kiingereza cha kueleza. Alimshika mdhamini wake mkono, akampeleka mtaroni na taa, akamwonyesha kijiti. Walipakia watu kwenye lori, wakagonga milango ya jirani, wakapanda mlimani Bradford. Baada ya hapo tuta lilizidiwa. Maji yalijaa bondeni kama beseni, yakaifunika barabara kuu ya 400 inayolikata bonde, nyumba za mbao zikang'oka kwenye misingi na kuelea. Mavuno yalikuwa bado yako mashambani na kwenye makreti.

Baba yangu alikuwa na miaka mitano. Anachokumbuka ni ukumbi uliojaa magodoro, na bibi amekaa juu ya sanduku akiwa bado amevaa koti. Bibi alimwambia babu kwamba sasa basi, wahame kabisa, waende Toronto akatafute kiwanda. Wako waliofanya hivyo, na hakuna wa kuwalaumu. Babu alimjibu kitu kimoja: "Ngoja tuone pampu."

Pampu zilikuja. Zililetwa kutoka huku na huko, zikafungwa kandokando ya matuta, zikasukuma usiku na mchana. Katikati ya Novemba sehemu kubwa ya bonde ilikuwa imeonekana tena. Kwao Zeeland, tundu la mwisho la tuta, pale Ouwerkerk, lilizibwa Novemba 6, 1953, miezi tisa baada ya mafuriko, kwa makasha makubwa ya zege yaliyokuwa yametengenezwa kwa ajili ya bandari za muda za vita. Hapa wiki nne. Mboga zote zilikuwa zimeoza, harufu ilifika mlimani, na babu alikuwa na furaha ambayo bibi hakuielewa. Alikuwa ameona watu wakiamka na kufanya kinachotakiwa. Mwaka 1958 alinunua ekari tano, akakaa hapo hadi kufa.

Sitaki msomaji adhani namchora malaika. Alikuwa mgumu. Jumapili hapakuwa na kazi, redio, wala mpira, ni kanisa mara mbili na supu ya njegere kavu. Alikuwa Mprotestanti wa madhehebu ya Kireformati hadi kwenye mifupa, na katika Uholanzi aliyoijua Mprotestanti na Mkatoliki hawakununua hata mkate duka moja. Baba yangu alisomea ufundi wa maji, na mwaka 1979 akaja Morogoro kwenye mradi wa visima vifupi uliofadhiliwa na Uholanzi, uliofuatia ule wa Shinyanga. Walichimba kwa keekee za mikono, wanaume sita wakizunguka bomba, halafu wanafunga pampu ya mkono. Babu alijivunia kazi hiyo kupita kiasi. Kisha baba akaandika kwamba ameposa mwalimu wa Matombo, Mluguru, Mkatoliki. Babu hakujibu kwa miaka miwili. Ndugu zangu husema kilichomsumbua ni rangi. Mama, ambaye ana haki ya kusema kuliko wote, anasema barua aliyoandika mwishowe ilizungumzia misa na Papa kurasa tatu nzima, na rangi haikutajwa. Ilimuumiza vilevile.

Kwa upande wa mama hapakuwa na kelele. Kwa Waluguru ukoo hupita kwa mama, na ardhi nayo hufuata huko. Sisi watoto tulikuwa wa ukoo wa mama tangu kuzaliwa, awe baba ametoka Zeeland au Kisaki.

Agosti 1987 babu alikuja. Alikuwa na miaka 66 na hajawahi maishani mwake kulima mahali pasipo tambarare. Babu mzaa mama alimchukua kwenda kuona mashamba yake, baba akiwa katikati kama mkalimani, nami nyuma yao na kidumu cha maji. Njia za Uluguru zinapanda mpaka magoti yanakugusa kifua. Mahindi yalikuwa yamevunwa, mteremko umebaki mabua na migomba. Babu Mholanzi alisimama, akachota udongo, akaunusa, akauliza kwa nini hawakukata matuta kuzuia udongo usishuke.

Babu mzaa mama alicheka. "Mwambie tulishalazimishwa. Tukakataa."

Akamsimulia. Katika miaka ya hamsini mwanzoni serikali ya mkoloni iliwaamuru Waluguru wachimbe matuta ya ngazi kwenye miteremko yote, kila mtu na siku zake za kazi, asiyefika anashtakiwa. Jembe lilileta juu udongo wa chini usio na rutuba, mahindi yakadumaa, na bado wakaambiwa wachimbe. Mwaka 1955 watu wa Matombo wakakusanyika kukataa, polisi wakaja, mtu akauawa kwa risasi. Mpango ukaachwa. Babu mzaa mama alikuwa kijana siku hiyo, alikuwemo.

Babu Mholanzi alisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja: nani alikuwa anaamua tuta likatwe wapi? Akaambiwa, bwana shamba na bwana DC. "Kuna mkulima aliyekaa nao kuamua?" Hakuna. "Basi mlifanya sawasawa," akasema. Na pale mlimani, wamekaa juu ya gogo, akaeleza mabaraza ya maji ya kwao, uchaguzi, michango, wakaguzi, faini. Babu mzaa mama aliuliza kama hata tajiri hutozwa. Hutozwa. Aliuliza tena, kwa kutoamini. Kisha naye akauliza lake: lile shamba la Kanada, nani atalirithi? Babu akasema ana watoto wawili wa kiume, mmoja yuko hapa anachimba visima, mwingine ni dereva wa malori. "Na wa kike?" Yuko, alizaliwa kulekule Kanada mwaka 1955. Babu mzaa mama akafungua mikono kama mtu anayeonyesha jambo lililo wazi.

Jumapili ile babu alikuja nasi misheni ya Matombo, akakaa benchi la nyuma kabisa, kofia mapajani, hakuimba wala hakupiga magoti. Lakini alikuja. Mama alimwekea chai ya tangawizi baadaye, akanywa vikombe vitatu. Hawakuongea habari ya ile barua, si siku hiyo wala siku nyingine.

Nilikwenda Toronto kusoma 2001, na mwishoni mwa wiki nilipanda basi kwenda kwao. Alikuwa ameshamkabidhi shangazi shamba, lakini bado aliamka alfajiri kwenda kusoma kijiti. Saa nne kamili kahawa, biskuti moja, bati linafungwa. Tukimaliza tunakwenda mitaroni. Alinifundisha kutazama maji yanavyotembea: yakienda mwendo mmoja mtaro ni mzima, yakizungukazunguka mahali kuna kitu chini. Alinifundisha kukata magugu kuanzia mwisho wa chini wa mtaro kupanda juu, kamwe usianzie juu, kwa sababu takataka zitaziba njia ya mwenzako kabla hujafika kwake. Nilimwambia kwetu Morogoro mitaro ya mjini huzibuliwa baada ya masika, watu wakishafurikiwa. Aliniangalia kwa huzuni ya kweli, akauliza nani mwenyekiti wa mtaa.

Mikutano ya kamati ya maji ya bonde hakuikosa. Nilimpeleka mmoja akiwa na miaka 83. Ajenda ilikuwa gharama za pampu, na wengine walitaka matengenezo yasubiri mwaka. Alisimama na Kiingereza chake cha kuvunjikavunjika, akawaambia urefu wa maji mtaroni kwake katika kila mwezi wa Aprili kwa miaka kumi iliyopita. Hakutaja Zeeland. Wala Hazel hakuitaja. Alisoma namba kutoka kwenye daftari, akakaa. Baadhi ya vijana waliona anachosha. Matengenezo yalipitishwa.

Daftari hilo liko kwa binti ya shangazi, pamoja na mengine yaliyolitangulia, tangu 1955. Ndiye anayelima sasa. Udongo mweusi unapungua, kila mwaka upepo na jua vinaondoka na tabaka jembamba, na wataalamu wanabishana utadumu vizazi vingapi. Amepanda miti ya kukinga upepo, anapumzisha viunga kwa zamu, anaandika urefu wa maji kwa simu na kwa daftari. Nilipokwenda kumtembelea na watoto wangu mwezi wa tano mwaka jana, tulipita kwenye mtaro wa mpakani, matete yamefika kiunoni kwa sababu mvua ilimchelewesha. Binti yangu akauliza kama ni hapa babu aliweka kijiti. Dada yangu yule akasema ni hapa, na kwamba kwa matete haya angetutoza faini wote wanne, hata watoto. Akarudi bandani kutuletea buti na mundu, tukaanzia mwisho wa chini.